Jemadari Apandishwa Lushoto

Nimelala katika miji ambayo maji huganda bombani, na neno la baridi nimejifunza kulisema kwa lugha sita. Lakini aliyenieleza baridi ni kitu gani hasa ni mwanamke wa Nguvumali, Tanga, ambaye mpaka anapita miaka hamsini alikuwa hajawahi kumiliki sweta. Anaitwa Zuwena. Kisa chake nimesimuliwa mara mbili: mara ya kwanza na yeye mwenyewe, barazani kwake, na mara ya pili na mkwe wake Sabiha, jikoni kwake Lushoto. Wawili hao hawakubaliani karibu kwa lolote. Pale walipopishana nimemwamini yule aliyekuwa akicheka kidogo.

Kazi ya Zuwena ni kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua, anaitwa. Anakuja na chupa yake ya mafuta ya nazi, anakunja mikono ya gauni, na kwa siku arobaini mama na mtoto wanakuwa mali yake. Anakanda tumbo, anakanda mgongo, anamnyoosha mtoto mikono na miguu kama mtu anayetandika shuka. Nusu ya vijana wa bodaboda wa mtaani kwake wamepita mikononi mwake wakiwa uchi, na huwakumbusha jambo hilo kwa sauti kila wanapomtajia nauli kubwa.

Binti yake wa pekee, Khadija, aliolewa na Tahiri, kijana wa Lushoto anayeshusha kabichi na karoti kwa lori mpaka sokoni Tanga. Mimba ilipofika miezi saba, Zuwena hakuwa na swali: uzazi wa kwanza ni kwa mama. Binti anashuka kwao, anajifungua, anakandwa, arobaini ikiisha anarudi kwa mumewe amenawiri. Asiposhuka, basi mkandaji wa mji mzima atakuwa ameshindwa kumkanda mwanawe mwenyewe. Watu watauliza. Nguvumali wanauliza sana.

Lakini Sabiha, mama yake Tahiri, alikuwa ameshapiga simu: Khadija hashuki, atajifungulia huku huku mlimani. Kwa hiyo katikati ya Julai Zuwena akapanda basi kwenda kumchukua mwenyewe. Na kwa kuwa mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu, alibeba zawadi ambayo aliona hakuna wa kuikataa: jogoo wake wa kuchi, Jemadari.

Asiyemjua kuchi afikirie kuku mrefu kupita kiasi, shingo kama mpini wa jembe, kifua kipana kilicho karibu wazi, na manyoya machache yaliyombana mwilini. Anatembea kama bwana aliyeibiwa nguo ufukweni akaamua kurudi nyumbani bila kuonyesha haya. Pwani ni kuku wa heshima. Zuwena alimpakata njia nzima, na kila basi liliposimama alimtoa kichwa dirishani apate hewa.

Walipofika, ukungu ulikuwa umekaa juu ya paa na Sabiha alikuwa mlangoni, mwanamke mfupi mnene, sweta juu ya sweta, kitenge juu ya yote.

"Karibu mkwe, karibu. Pole na safari. Na huyo uliyemshika ni nini?"

"Jogoo. Zawadi yako."

Sabiha akamzunguka Jemadari, akamtazama mbele na nyuma. "Mkwe, hii ni zawadi au ni mwavuli uliovunjika? Manyoya yake yako wapi? Yanakuja na lori?"

"Huyu ni kuchi!"

"Ni kuchi leo. Keshokutwa ni supu. Kuku huyu hamalizi siku mbili hapa."

Khadija alitoka ndani, tumbo mbele, akamwamkia mama yake huku akicheka, akarudi ndani upesi. Aliniambia baadaye kwamba alijua hapo hapo kuwa hatima yake haitajadiliwa na watu peke yao.

Ikawa hivyo. Wakiwa kwenye chai, Zuwena alileta haja yake, na Sabiha akatoa hoja yake: mtoto wa mlimani akizaliwa kwenye joto la Tanga atayeyuka. Zuwena akasema viumbe vya Mungu vinazoea kila mahali. Sabiha akasema vya pwani havizoei, na kama kuna ubishi, shahidi yuko uani amesimama kwa mguu mmoja. Zuwena, ambaye hajawahi kuuacha ubishi ukapoa, akasema Jemadari atawika Lushoto kama anavyowika Nguvumali.

"Sawa," akasema Sabiha. "Akiwika keshokutwa alfajiri kabla jua halijatoka, kuku wa pwani ameweza mlima, basi na mtoto wa mlima ataweza pwani. Mchukue Khadija ushuke naye. Asipowika, Khadija anabaki, na usinirudie tena na habari za arobaini."

Tahiri, aliyekuwa anapuliza chai yake, akasema, "Lakini mama..."

"Wewe nyamaza," wakamwambia wote wawili. Hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana.

Asubuhi iliyofuata Zuwena alikwenda bandani kabla ya chai. Alimkuta Jemadari amejikunja pembeni, macho nusu, na kifua kinatetemeka. Si kutetemeka kwa kuonekana mbali. Ni mpaka umshike, nako kukamjia viganjani kama mashine ya kusaga iliyo nyumba ya tatu. Mkandaji yeyote wa Tanga angejua ugonjwa huo: baridi imeingia kwenye mishipa. Na dawa yake ni moja.

Alikwenda kuchukua chupa ya mafuta, akaigeuza juu ya kiganja. Hakuna kilichotoka. Akaitikisa. Akachungulia. Mafuta yalikuwa meupe, magumu, yameshika chupa kama saruji.

"Yarabi! Yule mwanaharamu wa sokoni ameniuzia mshumaa!"

Mafuta ya nazi hayakuwahi kumfanyia hivyo, maana Tanga ni nadra kupata sababu ya kuganda. Zuwena hakujua kwamba ni mlima, si muuzaji. Akaiweka chupa kando ya jiko mpaka yakalainika yakawa maji, akamweka Jemadari mapajani, akamkanda kama mtoto wa siku saba. Alianzia kwenye upanga wa kichwa, akateremka shingoni, akafungua mbawa moja moja na kupaka chini yake, akamalizia mkiani. Hakumwachia hata unyoya mmoja uliokauka. Anasema jogoo alitulia na kumwangalia kwa shukrani. Sabiha anasema alimwangalia kama abiria aliyeshushwa njiani na mizigo yake.

Kisha akamtoa uani apigwe na jua. Jua halikuwapo. Kulikuwa na ukungu na upepo mwembamba kutoka bondeni, na katika upepo ule mafuta yakafanya yaliyofanya chupani. Jemadari aliganda. Alianza kung'aa, kisha akawa mweupe, kisha akawa mgumu. Alipoinua mguu, aliuinua kama mtu aliyevaa suti ya kuazima yenye wanga mwingi. Kuku wa Sabiha waliacha kuchakura wakajipanga kumtazama. Kila alipotetemeka, kigae kidogo cha mafuta kilimdondoka kifuani.

Sabiha alitoka na ungo wa maharage, akaona, akaketi chini. Alicheka mpaka maharage yakamwagika.

"Mkwe! Umemfanya mshumaa! Bado utambi tu!"

"Nimempaka dawa! Alikuwa anatetemeka!"

"Sasa asitetemeke afanye nini? Ndiyo kazi yake!"

Hapa nisimame kidogo, maana Sabiha alisema jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu katika nchi za theluji bila kulielewa. Nimeona shomoro wa kuenea kiganjani akiishi kwenye tawi lililoganda, mahali ambapo mimi nilikuwa nimevaa makoti mawili na bado nawatukana walionialika. Mwili wa ndege ni wa moto kuliko wetu. Joto la jogoo mzima mwenye afya, kwa binadamu, ni homa ya kupelekwa hospitali mbio. Moto huo anaukoka mwenyewe, na jiko lake ni kifua. Ile nyama nene tunayoigombania kwenye pilau ndiyo misuli ya kupigia mbawa, na baridi ikija ndege huitetemesha bila kuruka popote, kama dereva anayengurumisha injini na gari liko palepale. Joto likishatoka, manyoya hulizuia. Ndege huyatutumua, hewa ikaingia katikati, na hewa iliyonaswa humkalia kama blanketi. Miguu nayo, iliyo uchi, ina ujanja wake: damu ya moto inayoshuka hupita ubavuni mwa damu ya baridi inayopanda, ikaipasha moto njiani, ili baridi ya ukucha isifike moyoni. Na ule mguu mmoja unaokunjwa tumboni si maringo. Umepelekwa ndani kuota moto.

Kwa hiyo Jemadari hakuwa mgonjwa. Alikuwa kazini. Zuwena ndiye aliyekuja kumgandisha manyoya yote yakalala, blanketi likawa ngozi ya mafuta, na jiko likabaki linawaka nje kwenye upepo.

Ilipokaribia adhuhuri kucheka kulikwisha. Jogoo alikuwa amekaa chini, na macho yalikuwa yanafunga. Zuwena alipiga magoti uani, khanga matopeni. Mbele yake alikuwa anakufa jogoo, na nyuma ya jogoo alikuwa Khadija, akikandwa na mikono ya mtu mwingine.

Sabiha angeweza kuendelea kuchambua maharage yake. Alikuwa anashinda bila kuinua kidole. Akasimama.

"Lete beseni," alimwambia Khadija. "Na maji ya moto, yasiunguze. Na sabuni ya mche. Mimi sishindi kwa maiti. Watasema nimemroga."

Walimwogesha jikoni, mlango umefungwa. Sabiha alishika miguu, Zuwena akasugua. Waliyamwaga maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara juu yake palielea mduara wa mafuta ambao, Khadija anasema, ungetosha kukaangia maandazi. Jemadari alipiga kelele zote alizozijua. Alipotolewa, amelowa, alikuwa mwembamba kama popo aliyeanguka kisimani. Zuwena alimfunga kwa khanga kavu na kumbana kifuani kwa nguvu zake zote.

"Anatetemeka tena! Masikini, anatetemeka!"

"Mwachie kifua!"

"Nampa joto!"

"Unamzima! Kifua ndicho jiko lake, wewe umekalia jiko! Mlegeze. Mkaushe, mweke karibu na moto, mwache atetemeke. Na mpe mahindi. Kuni zake ni mahindi."

Mwanamke ambaye maisha yake yote alituliza miili kwa mikono, aliambiwa aachie. Anasema ilikuwa kazi ngumu kuliko kukanda mapacha. Alimlegeza. Akaketi kando ya jiko, mikono ameikalia isije ikakanda tena, na kumtazama jogoo akitetemeka mbele yake. Sabiha akamwaga kiganja cha mahindi. Jemadari akadonoa moja. Akadonoa mbili. Kisha akala kama fundi aliyepewa chakula mwisho wa siku, akaongezwa, akala tena.

Wakati wa maghribi alikuwa mkavu. Sabuni na moto vilikuwa vimemfanyia jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: manyoya yake machache yalisimama yote kwa pamoja, akawa duara, kama mpira wenye shingo. Tahiri alirudi na lori lake, akachungulia jikoni.

"Shikamoo mama. Huyu kuku mwingine mmemtoa wapi?"

"Marahaba. Ni yule yule," akasema Zuwena. "Amewasha jiko."

Alilazwa kwenye kapu jikoni, kando ya majivu ya moto, na nyumba yote ikalala mapema kwa uchovu.

Alfajiri waliyowekeana ilifika. Sabiha alikuwa macho kitandani, anasikiliza. Zuwena alikuwa jikoni, amechuchumaa mbele ya kapu. Majogoo wa Sabiha wakaanza, mmoja nyuma ya banda, mwingine juu ya ukuta, kisha wa majirani mpaka bondeni. Jemadari alikuwa ameingiza kichwa chini ya bawa, mguu mmoja tumboni, ana joto safi kabisa.

"Jemadari," akanong'ona Zuwena. "Baba. Wika."

Hakuna kitu.

"Wika mwanangu, mara moja tu. Fupi."

Jogoo alitoa jicho moja, akamwona, akalirudisha.

Dirisha lilianza kuwa jeupe. Zuwena akatazama mlango, akatazama kapu, akavuta pumzi, akaziba pua kwa vidole viwili, akawika mwenyewe.

Kisha sauti ya Sabiha ikatoka chumbani, taratibu, kutoka chini ya mablanketi:

"Mkwe, huyo nimemsikia. Ana lafudhi ya Nguvumali."

Khadija anasema alicheka mpaka akaogopa atajifungua palepale na kuumaliza ubishi wote.

Jua likatoka. Zuwena hakulia wala hakubisha. Alipika chai, akamimina, akamsogezea Sabiha kikombe kwa mikono miwili. "Umeshinda, mkwe. Khadija anabaki." Wakanywa. Saa tatu hivi, jua lilipofika katikati ya ua na ukungu ukaondoka, Jemadari akatoka jikoni kwa miguu yake, akapanda juu ya pipa, akajinyoosha mpaka ukucha, akawika. Aliwika kwa nguvu hata mbwa wa jirani akajibu. Akawika tena na tena.

"Nani amekuuliza sasa?" Zuwena akamfokea.

Tahiri alileta pikipiki impeleke mama mkwe wake stendi. Zuwena alimwangalia kama aliyemletea ngamia.

"Stendi kufanya nini?"

"Kurudi Tanga, mama. Si mmemaliza?"

"Tulikubaliana Khadija hashuki. Nani alisema mimi nashuka?" Akamgeukia Sabiha. "Nitakaa mpaka ajifungue. Kisha arobaini. Nitamkanda hapa hapa. Nionyeshe pa kulala, na nionyeshe mnakouza masweta."

Sabiha anasema hapo ndipo alipohisi baridi ya kweli.

Zuwena alinunua masweta matatu ya mitumba, moja lina picha ya paa mwenye pembe, na hakuyavua kwa lolote. Alifunga madirisha; Sabiha aliyafungua; akayafunga. Alihamishia godoro lake jikoni na kila aliyetaka kupika ikabidi amruke. Jirani yao Yudith, aliyekuja kuomba chumvi, alirudi kwake bila chumvi lakini amekandwa mabega. Na kwa kuwa alikuwa amejifunza jambo jipya, Zuwena alilitangaza. Asubuhi alisimama katikati ya jiko, mikono imebana mbavu, akitetemeka kwa makusudi mpaka vikombe vinagongana kabatini.

"Mkwe, unaumwa?"

"Naota moto wangu mwenyewe. Uliniambia mwenyewe, kifua ndicho jiko."

"Wewe si kuku!"

"Basi nipe mahindi."

Na alikula. Sufuria ya makande iliyokuwa ikitosha siku mbili haikuona tena jua la pili. Alisema anatia kuni. Tahiri alianza kuchelewa kurudi na lori, akisema barabara mbaya, na mvua haikunyesha popote.

Siku moja Sabiha aliingia jikoni akamkuta Zuwena amemkalisha Khadija kwenye kigoda, miguu ya binti iko mapajani mwake, anaikanda polepole. Hawakumwona. Khadija alikuwa amefumba macho. Sabiha alisimama pale mlangoni na kuni zake. Aliniambia kwamba yeye uzazi wake wa kwanza alijifungulia ugenini, na mama yake hakupata nauli ya kuja. Alisema hivyo huku akimenya viazi, kisha akabadilisha habari akaniuliza kama ng'ombe wa Ulaya ni kweli wanalala ndani.

Jioni ile alisema mezani, "Mkwe, nimefikiri. Khadija ashuke na wewe."

Zuwena akaacha kutafuna. "Lakini ulishinda."

"Nilishinda. Nimeshinda wiki mbili. Nimechoka kushinda. Mchukue mtoto wako, akajifungulie kwenu, mkande mpaka atelezee mwenyewe mlangoni. Arobaini ikiisha mrudishe. Ila madirisha yangu nayafungua leo."

"Na Jemadari?"

"Huyo abaki. Wewe humwezi."

Waliondoka na basi la asubuhi. Sabiha alisimama stendi akitoa maagizo kupitia dirishani: mtoto asilazwe kwenye upepo wa feni, asipewe maji ya madafu mapema, asijifunze ubishi. Basi lilipoanza kuteremka, Zuwena alivua sweta la kwanza Soni. La pili alilivua kabla ya Mombo. Lile la paa mwenye pembe lilimtoka tambarare, kichwa kikakwama, na kondakta akasaidia kuvuta. Walipofika Muheza alikuwa amebaki na gauni na khanga yake, dirisha wazi, uso wote mbele kwenye upepo wa moto, anaangalia vikapu vya machungwa kama mtu aliyefunguliwa kifungo.

Khadija, pembeni yake, alikuwa anachuruzika jasho. Mwaka mzima mlimani ulikuwa umemsahaulisha. Akajipepea kwa ncha ya mtandio.

"Mama, joto lote hili mnalifanyia nini?"

Zuwena akamwangalia, akaangalia tumbo lake, akasonya kwa mbali, akamnunulia machungwa mawili yaliyomenywa.

"Kula," akamwambia. "Unaongea kama mama mkwe wako."